Hoja Sita za Kutokuwepo

Watu wa mji mkuu, hasa wale wanaosoma magazeti ya nje, wana tabia ya kunung'unika kwamba serikali yetu iliwaonea watu wa Malambeka. Naomba niwasahihishe kwa upole, kama nilivyosahihisha madaftari kwa miaka thelathini na moja. Serikali haiwezi kumwonea mtu ambaye hayupo. Na kwamba Malambeka hapakuwa na watu ni jambo lililothibitishwa na mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mtihani ambao niliusimamia mimi mwenyewe, nimevaa tai.

Wakati huo nilikuwa Mwalimu Mkuu wa Shule ya Sekondari Malambeka. Shule ilikuwa juu ya kilima, mahali pakavu, na nyumba yangu ilikuwa juu zaidi ya shule. Chini yetu kilitandaa kinamasi, matete na mafunjo mpaka macho yachoke, na humo ndani, juu ya matuta ya udongo waliyojijengea tangu enzi za mababu, waliishi watu wapatao elfu tatu. Nasema waliishi kwa sababu Wizara ilikuwa bado haijatoa mwongozo. Wanafunzi wangu walikuja kwa mitumbwi, wakaiacha chini ya kilima, wakapanda na miguu yenye tope. Tope lile lilinikera, lakini sikuwahi kuwaza kwamba lilikuwa linaletwa na watu wasiokuwepo.

Mwaka ule Mheshimiwa Rais alilihutubia taifa kwa saa nne kuhusu sungura. Alisema amechoshwa na hadithi ambamo sungura anamshinda tembo kwa akili, maana zinawapa wadogo mawazo. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo shule zisome ukweli mtupu, na akaongeza kuwa ukweli ulio salama kuliko wote ni ule wa mimea na wanyama. Haikupita miezi miwili, kikateuliwa kitabu kimoja kwa nchi nzima: "Malambeka, Uzuri Usio na Mtu", kilichoandikwa na Profesa Pankrasi Ndimbo. Kingejadiliwa darasani, kingeandikiwa insha, kingetungiwa mtihani, na aliyefeli kitabu angekuwa amefeli masomo yote, hata hesabu.

Nakala arobaini zilitufikia kwa wanafunzi sitini na mmoja. Watoto walifurahi mno. Walizishika zile nakala kwa mikono miwili, wakanusa kurasa. Kwao kumeandikwa kitabuni. Aliyekuwa akifundisha Kiswahili alikuwa Mwalimu Ezekia Tungaraza, kijana mwembamba aliyepanga chumba huko huko kinamasini kwa mjane mmoja, Bi. Kabula, kwa kuwa shule haikuwa na nyumba ya mwalimu zaidi ya yangu. Alimwita mbele Nyamizi, binti wa huyo huyo Bi. Kabula, asome sentensi ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Mimi nilisimama mlangoni.

"'Katika kinamasi cha Malambeka,'" Nyamizi akasoma, "'hajawahi kuishi binadamu.'"

Mmoja wa nyuma akacheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Nyamizi akairudia ile sentensi kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye tonge la samaki.

"Niendelee, Mwalimu?" akauliza.

"Endelea," akasema Tungaraza, lakini sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hakika.

*

Lazima nieleze kwamba Profesa Ndimbo alikuwa amefika Malambeka kweli, miaka mitano nyuma. Alikaa siku ishirini na sita, akala na kulala kwa Bi. Kabula. Mume wa Bi. Kabula, Masanja, ndiye aliyempitisha kwenye mafunjo na mtumbwi wake, akimwonyesha korongo wanapotaga na kambare wanapojificha. Profesa aliposhikwa na homa, Bi. Kabula alimkanda kwa maji siku nne mfululizo. Hayo yote watoto waliyajua. Tatizo ni kwamba hayakuwa kitabuni.

Wiki ya pili ya majadiliano, Nyamizi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukurasa wa thelathini na mbili mwandishi anasema, 'Jioni nilikaangiwa kambare.' Alikaangiwa na nani?"

Tungaraza akafungua Mwongozo wa Mwalimu, ambao ulikuwa mnene kuliko kitabu chenyewe. Kwenye ukurasa huo palikuwa na maneno matatu: swali hili halitaulizwa.

"Wewe unadhani alikaangiwa na nani?" akauliza.

"Na mama."

"Na ukurasa wa arobaini," akadakia mwingine, "'nilitandikiwa mkeka.' Ule mkeka ulisukwa na bibi yangu."

Wakaanza kufunua kurasa. Nilipikiwa, nilivushwa, nililetewa, nilifunikwa. Kila mtoto akamtaja wake. Nilishuhudia nidhamu ya darasa ikimong'onyoka kwa sababu ya kauli ya kutendwa. Nyamizi akasubiri wamalize, ndipo akasoma ukurasa wa themanini na nane.

"'Kiboko aliupindua mtumbwi, nami nikajikuta ukingoni.'"

Hapo hakuna aliyedakia. Wote walijua kwamba siku ile Masanja alimsukuma Profesa kwa bega mpaka kwenye majani, na yule kiboko akageuka. Walichokipata cha Masanja siku ya pili kilizikwa kwenye kapu.

Tungaraza akautazama Mwongozo. Palikuwa na swali, na lilikuwa la mtihani. Swali la saba: Ni nini kilimfikisha mwandishi ukingoni? Jibu: Mkondo wa maji. Alama mbili.

Akaufunga Mwongozo. "Leo," akasema, "tutaandika tunachokijua."

Waliandika insha sitini na moja. Nilizikuta mezani pake, nikazisoma zote, na nakiri kwamba baadhi zilinitoa machozi. Ndiyo maana nikaandika barua wilayani. Sikuwa na nia mbaya. Ni barua tu.

*

Alikuja Bwana Kizito Mabruki, Afisa Mdhibiti wa Ubora wa Majibu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alitembea akinyanyua suruali kwa vidole viwili ili isiguse ardhi ya Malambeka. Alikusanya shule nzima uwanjani.

"Vijana," akasema, "maumbile ni mwalimu kuliko sisi walimu. Nani kati yenu amewahi kumwona konokono?"

Wote wakanyoosha mikono.

"Na nani amewahi kumwona konokono akinyoosha mkono?"

Mikono ikashuka.

"Konokono hana maswali," akasema Mabruki. "Ana nyumba yake mgongoni, ana ute wake, anakwenda. Taifa linawaomba kitu kidogo tu: muwe na adabu ya konokono."

Nilipiga makofi. Kisha akamwita Tungaraza ofisini kwangu.

"Unaishi wapi, Mwalimu?"

"Kwa Bi. Kabula."

"Kwa Bi. Kabula ni wapi?"

"Huko chini, Afisa. Malambeka kinamasini."

Mabruki akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akafuata sentensi kwa kidole mpaka kwenye nukta. "Mwandishi huyu ni profesa," akasema. "Wewe una nini?"

"Nina stashahada."

Mabruki akachukua kalamu, akaandika kwenye taarifa yake huku akisoma kwa sauti: "Mwalimu wa Kiswahili, hayupo."

"Lakini niko mbele yako," akasema Tungaraza.

"Naona," akajibu Mabruki kwa huruma. "Ndiyo maana inasikitisha."

Jina likatolewa kwenye orodha siku hiyo hiyo. Tungaraza aliendelea kuja kwa siku tatu, akafundisha kama kawaida, nami nikalazimika kuwaambia wanafunzi kwamba sauti wanayoisikia haimo katika mtaala. Siku ya nne hakuja. Nasikia alivuka mpaka kwa miguu na sasa anafundisha watoto wa watu wengine.

Nikalichukua darasa mwenyewe. Mimi si mtu wa mbwembwe. Nilisoma swali kwenye Mwongozo, wakaitikia kwa pamoja.

"Nani wanaishi Malambeka?"

"Korongo mia nne na kumi na mbili."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

Kengele ikilia, wanateremka kilima, wanapanda mitumbwi, wanakwenda makwao kula.

*

Nyamizi alikuwa haitikii. Alikaa ameangalia dirishani, na alikonda. Mwezi mmoja kabla ya mtihani, Bi. Kabula alipanda kilima kuja kuniona, amebeba kambare wa kukaushwa kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyejua kukaa kwenye kiti cha ofisi.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "mwanangu hali. Anasema hawezi kuandika kwamba baba yake ni mkondo wa maji."

"Hakuna anayemwambia aandike hivyo, Bi. Kabula. Ataandika mkondo tu. Baba hatajwi."

"Ndilo hilo linalomuuma."

Nikamweleza kwa lugha nyepesi. Nyamizi alitaka kuwa daktari, kwa sababu Malambeka hapakuwa na zahanati. Swali la saba lilikuwa na alama mbili, na insha ya mwisho ilikuwa na alama arobaini: Kwa nini Malambeka hapakaliki na binadamu? Toa hoja sita. Asiyejibu angerudi kukausha samaki. Aliyejibu vizuri angesomeshwa bure mpaka udaktari.

Bi. Kabula aliangalia vidole vyake. Kisha akamwita binti yake, aliyekuwa amesimama nje.

"Andika wanavyotaka, mwanangu."

"Mama."

"Baba yako hawezi kufa zaidi ya alivyokufa. Andika, upate shule."

"Na wewe je? Nikiandika hakuna watu, na wewe je?"

"Mimi nitakuwepo tu," akasema Bi. Kabula, akatabasamu. "Nani atakayenifuata kwenye matope yale kuhakikisha?"

Siku ya mtihani nilitembea kati ya madawati kwa viatu vyenye sauti, ili wajue nipo. Kwenye swali la saba Nyamizi alishika kalamu bila kuandika kwa dakika arobaini. Nilimhurumia, nikainama nikamkumbusha kwamba lina alama mbili tu. Akaandika neno moja. Kisha akaigeuza karatasi, akaanza insha, na hakuinua kichwa mpaka mwisho.

Matokeo yalipotoka, Nyamizi alikuwa wa kwanza nchini. Alipata mia kwa mia. Wasahihishaji walisema hawajawahi kuona hoja zilizopangwa vile. Maji hayana mwisho. Mbu hawana likizo. Kiboko hachagui. Hakuna ardhi kavu ya kumzika mtu akiwa mzima mzima. Mgeni hufika, hula, hupona, huondoka. Na ya sita, iliyosifiwa kuliko zote: anayeishi Malambeka hufa bila kutajwa, na asiyetajwa hakuwahi kuishi. Pembeni ya hoja hiyo msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu: uchambuzi mzuri sana wa kitabu.

*

Mwezi wa pili Wizara ilikuja kumkabidhi Nyamizi zawadi uwanjani petu. Malambeka nzima ilialikwa. Walikuja wote, wazee kwa watoto wachanga, wamevaa nguo safi, wameleta samaki wa kuwakirimu wageni. Meza kuu walikaa Profesa Ndimbo na Bwana Mabruki, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi wa Majibu ya Mwisho.

Bi. Kabula akapenya mpaka kwenye viti vya wageni. "Shikamoo, Profesa. Ile homa haikukurudia?"

Profesa akamtazama, akamtazama Mabruki, akavua miwani akaifuta. "Marahaba, mama. Tumewahi kuonana wapi?"

"Hapo chini," akasema, akionyesha kinamasi.

"Hapo chini kuna korongo," akajibu Profesa taratibu.

Bi. Kabula akacheka, akidhani ndivyo wasomi wanavyotania.

Nyamizi akaombwa asome insha yake kwa kipaza sauti. Kila hoja ilipoisha watu walipiga makofi. Wengi wao hawakuwa wakisikiliza maneno. Walikuwa wakimsikiliza mtoto wao akinena mbele ya wakubwa bila kukwama. Baada ya hoja ya tano Nyamizi akainua macho, akayaona malori yaliyopangwa nyuma ya vyoo vya shule, na askari wamekaa juu ya bodi. Akaishusha karatasi.

"Malizia, binti," akasema Mabruki. "Bado moja."

Akaisoma ya sita akimwangalia mama yake. Sauti ilikuwa ile ile. Akina mama wakapiga vigelegele, na karani wa Wizara akaandika kwenye kumbukumbu zake: ridhaa imepatikana.

Mabruki akasimama. "Enyi mliohudhuria kwa makosa," akasema, "mmesikia wenyewe, kutoka kwa mtoto mliyemzaa wenyewe, na mmeshangilia wenyewe. Wageni kutoka nchi tisa wanakuja keshokutwa kuona uzuri usio na mtu. Itakuwa aibu kwa taifa wakikuta mtu. Tunawaomba mpande."

Kazi ilimalizika kabla ya jua kuzama. Kwenye vitabu vya madereva watu waliandikwa kama mizigo mchanganyiko, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kuwaandika. Mzee mmoja aliyetoroka kurudi chini, akakumbatia nguzo ya nyumba yake na kukataa kuiachia, alihesabiwa kuwa kisiki, na visiki ni sehemu ya maumbile, hivyo aliachwa. Mitumbwi ilichomwa. Mabruki alimwambia Nyamizi kwamba gari la kumpeleka chuoni mjini lilikuwa tayari, lina hata kiyoyozi. Nyamizi akalipita lile gari kama vile ni jiwe, akapanda lori alilopanda mama yake.

Mimi nilipandishwa cheo. Nikawa Msaidizi Mwandamizi wa Ukweli wa Mazingira, nikapewa ofisi yenye feni.

*

Ile mizigo ilishushwa kwenye uwanda uitwao Kaukeni. Ni mahali pana, pana upepo, na hapana maji. Kisima hakikuweza kuchimbwa, maana fomu ya kisima inadai idadi ya watu. Walitembea kilomita kumi na tisa kufuata dimbwi. Katika kiangazi cha kwanza walizika arobaini na watatu, na kule angalau ardhi ilikuwa kavu.

Hayo nayajua kwa sababu Nyamizi alituandikia. Barua ilipitia mezani pangu. "Mimi ni mtahiniwa nisiyeridhika na alama zangu," aliandika. "Nilipata mia, ninastahili sifuri. Jibu la swali la saba ni Masanja, baba yangu. Hoja zangu zote sita ni za uongo. Naomba mtihani wangu usahihishwe upya."

Wizara nzima ilitaharuki. Kanuni inasema mtahiniwa yeyote asiyeridhika na alama zake anaweza kukata rufaa, na waliotunga kanuni hawakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kulalamikia wingi. Wanasheria walikaa vikao vitatu wakakuta rufaa ni halali. Ikapangiwa siku. Akipata sifuri, basi sentensi ya kwanza ya kitabu ni ya uongo, na watu wa Malambeka wapo, na inabidi warudishwe kwao, walikokwishajengewa wageni mahoteli mawili.

Mabruki ndiye aliyepata dawa. Profesa Ndimbo aende haraka Kaukeni, aandike kitabu cha pili, kijitabu tu, chenye sentensi ya kwanza inayojulikana. Kikichapwa kabla ya rufaa, mkata rufaa naye atakuwa hayupo. Mimi niliteuliwa kumsindikiza.

Gari liliharibika katikati ya uwanda. Dereva akaondoka kwa miguu kutafuta msaada, akachukua dumu la maji, na hatukumwona tena. Siku ya pili tulishika njia kwa miguu, na jua likiwa utosini tuliviona vibanda vya matambara na fito. Profesa alikuwa ameanza kupepesuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo.

"Hodi," akaita kwenye kibanda cha kwanza.

Watu walikuwa wamekaa kivulini, wanatutazama. Hakuna aliyeitikia.

"Hodi jamani," nikaita mimi. "Ni mimi, Mwalimu Mkuu wenu."

Mwanamke mmoja akaendelea kumsuka mtoto wake. Mzee akageuza uso kwa utaratibu, kama mtu anayesikia upepo umebadilika. Tulikwenda kibanda hadi kibanda. Katika maisha yangu nimenyimwa vitu vingi, lakini sijawahi kunyimwa neno 'karibu' na watu wengi kiasi kile.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha Bi. Kabula. Alikuwa ameketi kizingitini, Nyamizi pembeni yake, na kati yao mtungi wenye kata juu. Profesa akapiga magoti.

"Bi. Kabula," akasema. "Ni mimi. Nilikaa kwako siku ishirini na sita. Ulinikaangia kambare."

Bi. Kabula akapeleka mkono kwenye kata.

"Mama," akasema Nyamizi, "acha."

"Nimesikia sauti, mwanangu."

"Ni upepo."

"Upepo huu una kiu," akasema Bi. Kabula, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, sisi hatupo. Asiyekuwepo hana mtungi." Nyamizi aliuondoa mkono wa mama yake kwenye kata taratibu, kidole kimoja kimoja, akaushika mapajani pake. Hakumtazama Profesa hata mara moja. Lakini mimi nilimtazama Nyamizi, na sikuona furaha usoni pake. Niliona uso wa mtu aliyemaliza mtihani.

Tuligeuka kurudi kwenye gari. Profesa alifia njiani, akiomba maji kwa kila mtu aliyewahi kumpa, akiwataja kwa majina. Mimi niliokolewa na maji ya rejeta ya gari, ambayo nilikuwa nimeyakinga asubuhi kwenye chupa yangu. Yalitosha mtu mmoja, na Profesa alikuwa ameshaandika kitabu chake.

*

Nilidai haki itendeke. Mabruki, ambaye sasa alikuwa Mwendesha Mashtaka wa Taaluma, alitayarisha hati: kumnyima maji msomi kwa pamoja na kwa kukusudia, adhabu kitanzi. Alikwisha kuandika majina ya watu wazima mia tisa ndipo akaiweka kalamu chini.

"Siwezi kuwashtaki," akaniambia. "Hawapo."

"Lakini mimi niliwaona."

"Wewe ni msaidizi. Mtihani ni wa taifa." Akafikiri. "Isipokuwa binti ashinde rufaa yake. Akishinda, wapo. Wakiwapo, nyumba zao ni zao na makosa yao ni yao. Watarudi Malambeka, na tutawanyongea huko huko. Nenda kamweleze. Mpe na fomu ya kuondoa rufaa, achague mwenyewe. Serikali hailazimishi mtu."

Nilikwenda na magari mawili, kwa tahadhari. Walikusanyika nje ya kibanda cha Bi. Kabula, kama watu mia mbili hivi, wengine wamebeba watoto, na nikamsomea Nyamizi maelezo mbele yao wote ili pasiwe na kificho. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikishinda," akasema, "baba anatajwa."

"Anatajwa."

"Na mama ananyongwa."

"Atafikishwa mahakamani kwanza."

Alisimama na ile fomu mkononi. Akasema, "Mwalimu Mkuu, baba alikufa kwa kumtoa mtu yule majini." Nikamjibu kwa upole kwamba hilo halimo kitabuni. Akamgeukia mama yake. Bi. Kabula alikuwa amezeeka mno kwa mwaka mmoja, na sidhani kama alikuwa ameelewa kila kitu, lakini aliielewa kalamu.

"Weka tu, mwanangu," akasema. "Tumeshazoea."

Nyamizi akapiga goti moja, akalaza fomu juu ya lingine, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, kwa mwandiko ule ule mzuri uliompa nafasi ya kwanza. Akanirudishia bila neno.

Chini ya fomu palikuwa na mstari mmoja uliobaki wazi: sahihi ya shahidi aliyekuwepo. Nikainua macho, nikatazama huku na huku kwenye ule umati. Watu wote wale walikuwa wamesimama wananitazama, kimya, karibu kiasi cha kuweza kunigusa. Nikaona hakuna mtu, nikaweka sahihi mwenyewe.